Jinsi ya Kuadimika kwa Kiingereza

Umechoka kuhesabiwa miongoni mwa wasemao Kiingereza cha kuombea maji? Jifunze neno scarce, yaani adimu. Litamke "skeas", silabi moja, kisha nyamaza kidogo ili liwaingie wasikilizaji.

Anza na nasaba, maana mjuzi asiyetaja Kilatini haogopwi. Katika Kilatini cha mtaani lilikuwa excarpsus, kilichochumwa kikatengwa. Wafaransa wa kaskazini wakalikata kuwa escars, Waingereza wa zama za kati wakalipokea, na kwao lilimaanisha pia bahili. Habari hiyo itoe mezani, mwenyeji wako anapogawa nyama.

Sasa angalia usilipake kila kilicho kichache. Mwaka 1932 mchumi Lionel Robbins, wa London, alieleza jambo hili kwa mayai. Mayai mazima ni scarce kwa kuwa hayawatoshi wanaoyataka. Mayai viza huenda ni machache zaidi, lakini hayo si scarce hata kidogo, nani anayahitaji? Kwa hiyo kabla hujatangaza kwamba diwani yako ya mashairi ni scarce madukani, chunguza kama kuna aliyeiulizia.

Ukiwa na cha kuuza, mambo ni mepesi. Wauza vitabu vya zamani wa Uingereza wana ngazi zao: scarce ni kile kinachopatikana kwa taabu, rare ni kile kinachopatikana kwa taabu zaidi, na bei hupanda pamoja na kivumishi. Kitabu chako hakina jalada na mende wamekula sura ya tatu? Andika "scarce katika hali hii". Hujasema uongo.

Ndugu zake usiwachanganye. Scant, lenye asili ya Skandinavia, liambatanishe na usikivu au heshima iliyo haba. Sparse ni la vitu vilivyotawanyika, kama nywele za bosi wako. Ukiziita scarce, umesema zina wateja.

La mwisho ndilo tamu: make yourself scarce, jifanye adimu, maana yake toweka. Litekeleze sahani chafu zinapokusanywa, na hasa Mangi wa dukani anapofungua daftari la madeni. Hapo masharti ya Robbins yametimia yote: uko mmoja tu, na anayekutaka yupo.