Kiyoyozi Kinachokunywa Gesi

Gesi ya kiyoyozi hailiwi wala haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba, ikibeba joto la chumbani kwenda kulitua nje. Msomaji wa Mikocheni ambaye chake hujazwa gesi kila baada ya miezi minne, anayeuliza kama kimeshazoea, afahamu kwamba mashine haina uraibu. Inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu ni sawa na mwezeka paa anayeuza ndoo za kukingia mvua.

Tundu hutafutwa kwa povu la sabuni: hupakwa kwenye maungio, na panapochemka mapovu ndipo penye ugonjwa. Likiwa kwenye nati, hukazwa au ncha ya bomba ikatengenezwa upya, na hilo halihitaji kikao cha familia. Likiwa kwenye koili ya boksi la nje, mambo ni mengine. Pwani, chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini hadi yanapukutika yakiguswa kwa kidole. Koili iliyofika hapo ikizibwa leo huku, kesho hutoboka kule. Ni heri kununua kipya.

Msomaji wa Nyali ameambiwa kompresa imekufa, kwa kuwa boksi la nje linanguruma tu na feni haizunguki. Kabla ya mazishi ipimwe kapasita, kikopo kidogo ambacho umeme wa kupanda na kushuka hukiua mara kwa mara. Kichwa chake kikivimba, kosa limeonekana, na bei yake haikaribii kabisa ya kompresa. Kompresa ikiwa imekufa kweli katika kiyoyozi cha zaidi ya miaka 10, kuinunulia nyingine ni kumvika marehemu viatu vipya.

Wa tatu analalamikia ubaridi hafifu. Chujio hakijaoshwa tangu Idi iliyopita. Kioshwe.

Kibao cha ubavuni nacho kisomwe, kujua aina ya gesi. Gesi ya R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Gesi ya R410A haiwezi kutiwa mahali pake, kwa kuwa shinikizo lake ni kubwa zaidi na mafuta yake hayapatani na yale ya zamani yanayobaki mabombani. Ndiyo maana anayebadilisha kiyoyozi cha R22 na kutaka kubakiza mabomba yaleyale ili kubana matumizi anashauriwa abane kwingine.