Mwongozo kwa Anayetaka Kuonekana Yuko Macho

Kabla ya kuwaza kisu cha kope, hakikisha unastahili. Mwenye sifa ni yule ambaye kwenye kikao cha idara mwenyekiti humgutusha kila baada ya dakika tano, ilhali ndiye peke yake anayefuatilia ajenda. Ni yule ambaye kwenye picha za harusi ya mpwawe ametoka amelala wima. Akitaka kusoma kibao cha daladala inayokuja, huinua kidevu na kupandisha nyusi, na walio kituoni humwona mtu wa maringo. Maskini, hana maringo, ana ngozi. Umri ukisonga, ngozi ya kope ya juu hulegea, mafuta yaliyo nyuma yake hujitokeza mbele, na mzigo wote huo hushuka hadi kukalia nywele za kope na kufunika sehemu ya juu ya dunia.

Usiende moja kwa moja kwa mpasuaji ukiwa na picha ya msanii kwenye simu. Anza kwa daktari wa macho, akuulize maswali yake ya kuudhi. Kope ambayo asubuhi iko juu na jioni imeshuka huenda haina habari na uzee wako. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka. Na kope iliyodondoka ghafla, hasa ya upande mmoja, ukawa unaona vitu viwiliviwili au kichwa kinauma vibaya, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Hapo sitanii.

Ukivuka hapo, utaketishwa mbele ya mashine ubonyeze kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Halafu watakubandika kope kwa plasta ziinuke, urudie tena. Kwa bima nyingi, tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayoamua kama tatizo lako litaitwa ugonjwa au urembo. Kwa hiyo siku hiyo usijikaze kuinua nyusi kwa heshima ya mashine. Legea. Onekana kama unavyoonekana kwenye vikao.

Watakaokwambia kwamba haya ni mambo ya watu wa sinema, waeleze habari za Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad aliyeishi kwenye karne ya 10 na kuandika Tadhkirat al-Kahhalin, kimojawapo cha vitabu vikongwe zaidi vya tiba ya macho vilivyotufikia vikiwa kamili. Njia ya zama zake ilikuwa kuibana ngozi iliyozidi kati ya vijiti viwili, kuvikaza damu isipite, na kusubiri ngozi ife na kudondoka yenyewe. Fikiria kwenda sokoni na vijiti juu ya macho, unapatana bei ya tende. Jina ambalo madaktari wanalitumia leo kwa upasuaji huu wa kope lilikuja baadaye sana, mwaka 1818, kwa Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe. Kuhusu ganzi, shukuru umechelewa kuzaliwa.

Daktari atakuuliza unatumia dawa gani. Jibu la desturi ni "situmii chochote", na hutolewa na mtu anayemeza aspirini kila usiku, anayekunywa tangawizi asubuhi, na mwenye chupa ya kitunguu saumu na ndimu nyuma ya friji kwa ajili ya presha. Yeye havihesabu kuwa dawa kwa sababu havikutoka duka la dawa. Damu yako inavihesabu. Vyote hivyo vinaweza kuifanya isigande upesi, na mahali pa kugundua jambo hilo si juu ya jicho. Mwaga orodha yote mezani, pamoja na vile vidonge vya uzazi alivyokuletea shemeji kutoka Dubai. Vipi viachwe na lini, ataamua daktari. Anayetumia dawa ya moyo akiiacha kimyakimya kwa ajili ya kope anaweza kuzikwa akiwa na macho mazuri.

Siku yenyewe, utakalishwa wima na kuchorwa kwa kalamu, kwa sababu ukilala ngozi hukimbilia pembeni na kujificha. Mpasuaji ataifinya kwa koleo dogo, taratibu, mpaka nywele za kope zianze kuinuka, kisha ataweka alama. Hapo ndipo mgonjwa mwenye uchungu na pesa zake hukosea. Anataka wakate sana, ili asirudi tena baada ya miaka kumi. Anapatana kana kwamba ananunua nyama: ongeza kidogo, mbona umepunja. Ndugu yangu, kinacholipiwa hapa ni kinachobaki. Kanuni ya wengi ni kwamba kati ya nywele za kope na nyusi zibaki kama milimita 20 za ngozi. Ukipunjwa hizo, jicho halitafumba, utalala ukiangalia dari, na kioo cha jicho kitakauka mpaka kiume kama kina mchanga. Ulikwenda kwa sababu watu walidhani umelala, utarudi hulali.

Sindano ya ganzi inauma kwa muda mfupi. Baada ya hapo ni saa moja au mbili za kusikiliza watu wakizungumza mambo ya shule za watoto wao juu ya uso wako.

Nyumbani, siku mbili za mwanzo ni za kitambaa kilichotiwa maji ya barafu, na mito ya kutosha ili kichwa kiwe juu. Usiiname kuokota kandambili, usibebe ndoo, usifukuzie bajaji. Anayeswali asisujudu mpaka daktari aruhusu. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi. Uso utakuwa wa zambarau, kisha kijani, kisha manjano, na wekundu utateremka mashavuni hata pasipoguswa kisu. Nyuzi hutolewa baada ya siku tano hadi saba.

Haya yote ni rahisi. Kazi ni wageni. Ukisema umeanguka bafuni, wote watamgeukia mwenzi wako kwa macho ya upelelezi, na kufikia jioni atakuwa amepigiwa simu na wazee. Ukisema ni upasuaji wa kope, atatokea aliyekulia Kongwa akuulize kama ni vikope, ule ugonjwa unaogeuza nywele za kope zikwaruze jicho. Kule kuna bibi zetu waliofanyiwa upasuaji wa kope ili wasipofuke, na huna uso wa kumweleza kwamba wewe ni kwa ajili ya picha. Kisha zinaanza tiba. Mmoja ana asali ya Tabora. Mwingine amekuja na jirani anayenyonyesha, yuko tayari kukudondoshea maziwa jichoni, kikombe hahitaji. Pokea asali, inywe na chai siku daktari akisema chai sawa. Jirani mshukuru, mpe soda. Jichoni haingii kitu ambacho hakikuandikwa na daktari.

Jambo moja usilingoje na wageni: maumivu makali yanayoongezeka, jicho linalotokeza nje, au mwanga unaofifia. Huenda ni damu inayokusanyika nyuma ya jicho. Hiyo hospitali ni sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku na shemeji ndiyo kwanza ametandikiwa.

Mama mdogo ndiye atakayekaa muda mrefu kuliko wote. Atakuuliza unamkosoa Mungu kwa lipi, na atakuhakikishia kwamba patafura kovu kama lile la sikio la binti yake. Mwambie ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki milimita moja, na makovu ya kufura ni nadra sana pale. Hatakubali. Ataondoka akisikitika.

Baada ya miezi miwili, kovu likiwa limejificha kwenye mkunjo, atakupigia simu saa za kazi, kwa sauti ya chini, akiuliza gharama ilikuwa kiasi gani na kama yule daktari anapokea watu Jumamosi. Mpe namba. Mkumbushe aitaje ile chupa iliyo nyuma ya friji yake.