Raba ya Penseli

Mwalimu wangu wa Kiingereza kule Tanga alikuwa na fimbo moja na kamusi moja nene, na vyote viwili alivitumia kwa uaminifu. Kwa hiyo nilipopanda ndege kwenda kusoma Marekani, jimbo la Georgia, lugha haikunipa wasiwasi hata chembe. Nilichohofia ni baridi. Kumbe baridi ya Georgia inavumilika. Lugha ndiyo iliyonivua nguo.

Wiki ya pili niliingia duka la vifaa vya wanafunzi. Kesho yake tulikuwa na jaribio la takwimu, na mimi hesabu nafanya kwa penseli, kwa sababu najijua. Nyuma ya kaunta alikuwapo mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, kila mteja anamwita asali. Nikamsalimia vizuri kama nilivyofundwa nyumbani, nikamwambia nataka "rubber".

Mama akaweka kalamu chini. "Unasemaje, asali?"

Nikarudia polepole, kwa Kiingereza cha fimbo. Nikaona bado haelewi, nikamrahisishia: ndogo tu, mama, ya penseli. Na ili tusipoteze muda nikamwonyesha ukubwa wenyewe, ncha ya kidole changu cha mwisho. Foleni nyuma yangu ikanyamaza kimya. Kijana mmoja mwenye kofia akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Yule mama, Mungu ambariki, hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetoa pole msibani, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa wao hawauzi, ila ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa, na nisione aibu.

Aibu ya nini? Na tangu lini raba ikauzwa duka la dawa? Lakini nchi ni ya watu. Nikajisemea labda huku hata rula unaandikiwa na daktari. Nikavuka barabara. Muuza dawa hakuuliza swali la pili, akaninyooshea rafu. Nikachukua pakiti, nikasoma. Nikachukua nyingine, hiyo ilikuwa na ladha ya stroberi. Hapo ndipo yule kijana mwenye kofia aliponirudia akilini.

Kondomu. Ndogo. Ya penseli. Na kidole nilikuwa nimeshaonyesha.

Kwa haki, mwenye jina hilo ni raba yangu. Mwaka 1770 Joseph Priestley, yule Mwingereza wa kemia, aliandika habari za kitu kinachofuta vizuri alama za penseli kwenye karatasi, na Waingereza wakakiita kwa kazi yake ya kusugua. Matairi na hizo za duka la dawa zilikuja baadaye, zikarithi jina. Lakini nenda kaeleze historia hiyo mbele ya foleni. Na sisi tusijifanye watakatifu: si kondomu tunaiita mpira? Walau raba tumeiacha iendelee kufuta.

Nilipopoa, nikagundua kwamba kilichoniponza si Kiingereza, ni Kiswahili. Waingereza waliitawala Tanganyika tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi 1961, na walipoondoka waliacha maneno kama mgeni anavyosahau mizigo kwa mwenyeji: lori, spana, petroli, boneti, buti, tochi, raba. Tukayalea mpaka tukasahau yalikotoka. Sasa ukikwama neno ughaibuni, ulimi unakimbilia la nyumbani, unalivua irabu ya mwisho na kulitoa nje. Ni Kiingereza kweli, ila cha upande wa pili wa bahari, na Mmarekani hana boneti wala buti kwenye gari lake.

Usiku mmoja wa dhoruba umeme ulikatika. Nikampigia hodi jirani yangu, mzee mstaafu, nikamwomba "torch" nitafute viatu uvunguni. Kwake yeye huo ni mwenge, wa moto unaowaka. Alinitazama kana kwamba nataka kuupitisha chini ya kitanda Mwenge wa Uhuru, ule uliopandishwa Kilimanjaro, tena ndani ya nyumba ya mbao. Tulipoelewana alinisindikiza hadi chumbani, tochi mkononi na mtungi wa kuzimia moto kwapani. Alisubiri mpaka nimevaa viatu.

Familia moja ikanialika chai ya Jumapili, wakauliza kama nakula biskuti kwa mchuzi. Nikasema nakula, mgeni hachagui, huku nawaza biskuti za pakiti zikielea kwenye mchuzi wa kuku. Ikaletwa skonzi ya moto, laini, imemwagiwa rojo jeupe zito. Nilikula tatu. Hilo sina malalamiko nalo.

Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba wakubwa nao wameteleza. Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya hati moja. Waingereza walitaka iwekwe mezani, yaani ijadiliwe mara moja. Wamarekani wakakataa katakata, maana kwao kuiweka mezani ni kuilaza isijadiliwe. Wote walitaka kitu kimoja. Na mwaka 1942 askari wa Marekani waliokwenda Uingereza walipewa kijitabu kilichowaonya, pamoja na mengine, wasijiite "bum": kwao ni hohehahe, kwa wenyeji ni makalio.

Mimi kijitabu sikupewa. Baada ya miaka mitatu, ulimi umeshageuka wa Georgia, nilipitia London kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Nikawakuta wakwe zake. Baba mkwe, mzee mrefu mpole, alikuwa amevaa suruali nzuri ya kitani. Kwa adabu za nilikotoka, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba nimeipenda sana "pants" yake, na amenunua wapi?

Marekani hiyo ni suruali. Uingereza ni chupi.

Mzee alikagua zipu kwanza. Mkewe akashusha kikombe taratibu. Dada akanifinya paja chini ya meza, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya mama yetu: "Wee mdogo wangu, nyamaza, kula keki."

Krismasi iliyofuata nilipokea kifurushi kwa posta. Ndani mlikuwa na chupi tatu mpya za pamba, na kadi ya mzee yenye jina la duka na mtaa wake. Nazivaa mpaka leo. Raba sijanunua tena. Naandika kwa kalamu ya wino, na nikikosea nakata.