Ndovu Ana Faili, Mjomba Hana

Katika kaunti ya Taita Taveta, ndovu anajulikana kuliko mjomba wangu. Kama asilimia 62 ya ardhi yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, na humo ndovu wenye pembe kubwa hufuatiliwa mmoja mmoja, baadhi yao wakiwa na majina yao kabisa. Kule Amboseli, watafiti wanawatambua ndovu kwa picha tangu 1972: sikio lipi lina tundu, lipi limechanika, pembe ipi imevunjika, mama yake ni nani. Ukitaja sikio, faili inafunguka. Ukimtaja mjomba, watu wanaulizana, “Yupi? Wa Mwatate au yule wa madeni?”

Tulilijua hilo mjomba alipofariki. Kamati ya matanga ilihitaji picha moja tu ya kuweka kwenye kijitabu cha ibada. Ukoo wetu una maelfu ya picha, zote zimelala kwenye simu na flashi kwa majina kama IMG-WA0031. Tulizifungua usiku kucha. Kwenye harusi ya Wundanyi mjomba alikuwa nyuma ya keki. Kwenye ubatizo wa Bura ulionekana mkono wake tu, umeshika soda. Mwishowe ilichapishwa picha ya kitambulisho, ile ambayo kila Mkenya hufanana na mshukiwa.

Kwa kawaida kamati ya matanga huvunjika siku ya kusoma hesabu. Yetu iligeuzwa kuwa kamati ya picha, ili ugomvi upate kazi ya kufanya. Binamu mmoja aliyesomea ukutubi alituletea fomu ya kujaza kwa kila picha. Alisema inafuata Dublin Core, utaratibu wa metadata ulioanzia kwenye mkutano wa 1995 katika mji wa Dublin, Ohio, Marekani. Una vipengele 15 vya msingi: kichwa, mtunzi, mada, maelezo, tarehe, haki na vinginevyo. Waliouandaa, nina hakika, hawakuwa na shangazi.

Tuanze na tarehe. Skana ya saiba moja mjini Voi iliipa kila picha tarehe ya siku iliyoskaniwa, basi nyanya, akiwa na nywele nyeusi na bwana arusi wake kando, akaonekana ameolewa majuzi. Kamera ya binamu mwingine ilirudi Januari 1, 2000 kila betri ilipotolewa, na kwa rekodi zake tuna mtoto aliyezaliwa, akabatizwa na kumaliza darasa la nane siku hiyo hiyo. Picha zilizopitia WhatsApp zilifika zimevuliwa kila kitu: saa, aina ya kamera, hata mahali.

Aliyetuokoa ni shangazi. Hakutaja mwaka hata mmoja kwa tarakimu. “Hii ni kabla ya wanajeshi kutaka kumpindua Moi,” alisema, tukajua ni kabla ya Agosti 1982. “Hii ni mvua za El Niño,” tukaandika 1997. “Hii treni ya SGR haijaanza,” tukajua haijafika 2017. Kalenda yake haikuhitaji betri.

Taabu ilianza kwenye maelezo. Fomu inataka uandike kile kinachoonekana.

“Shangazi, huyu aliyesimama kushoto ni nani?”

“Huyo ndiye aliyekopa mbuzi wa baba yako.”

“Lakini shangazi, mbuzi haonekani kwenye picha.”

“Ndiyo nakwambia, mwanangu. Tangu alipomkopa haonekani.”

Majina nayo yalikuwa vita. Mtu wetu mmoja ana jina la ubatizo, jina la babu, jina la mtoto wake wa kwanza na jina la utani alilopewa stendi ya matatu. Ukitafuta Mwakio, kompyuta inakuletea nusu ya mlima. Binamu akatoa hukumu: kila mtu awe na jina moja kuu, hayo mengine yaandikwe chini yake, na kijiji alichozaliwa kisikose.

Kisha tukagundua kwamba vijana waliogawiwa kazi kila mmoja aliandika kwa lugha ya moyo wake. Mmoja aliandika harusi, mwingine arusi, wa tatu ndoa, na kompyuta ikaapa kwamba hizo ni sherehe tatu zisizohusiana. Wa Voi aliandika ndovu, wa Mombasa akaandika tembo. Tulipotafuta tembo tukaletewa ndovu wekundu wa Tsavo, na katikati yao jamaa yetu mmoja wa Taveta amekaa chini ya mnazi, kibuyu mkononi, akicheka. Maelezo yake hayakuwa na kosa lolote.

Kipengele cha haki kilitaka kikao cha wazee. Wawili waliotalikiana waliomba picha ya harusi yao ifichwe milele. Baadaye kila mmoja, kwa siri, aliomba apewe nakala, kwa kuwa siku ile nguo zilimkaa.

Nilikuwa nikicheka mpaka nilipowakumbuka simba. Wale wawili waliowala wajenzi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898 wako Chicago, katika makumbusho ya Field. Patterson aliyewaua alikaa nao kama mazulia kwa miaka 25 kabla ya kuwauza mwaka 1924 kwa dola 5,000. Alidai waliua watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na manyoya yao wakakadiria kama 35. Hata chakula cha simba kimepigiwa hesabu. Wangapi wetu tunaweza kumtaja kwa jina mmoja wa walioliwa?

Karibu na jiji hilo hilo, Chuo Kikuu cha Northwestern kinahifadhi mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, unaoweza kuupekua kwa kompyuta. Lakini kompyuta hutafuta maneno yaliyoandikwa, na katika albamu za zama zile bwana mwenye kofia ana jina, pengine na mbwa wake pia, huku aliyebeba mzigo akiitwa mpagazi tu. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyemuuliza.

Basi msomaji, usingoje matanga. Toa picha za zamani sandukuni, uzigeuze, uandike nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya: ni nani, wapi, lini, shughuli gani, na nani alipiga. Zilizo kwenye simu zipe majina ya watu, nyote mkitumia maneno mamoja. Mashine ya kuskani itapatikana mwakani. Anayewajua waliomo huenda asiwepo. Kaa na shangazi wiki hii, na akianza habari za mbuzi, andika na za mbuzi.