Kodi Hupanda Kabla ya Treni

Sina ugomvi na maendeleo. Ninachogombana nacho ni utaratibu wake wa kufika Dodoma: kwanza inafika kodi ya nyumba, ndipo maendeleo yenyewe yafuate, na mengine mpaka leo yako njiani.

Mama mwenye nyumba wangu ni mpenzi wa taarifa ya habari. Ya saa mbili usiku haimpiti. Wapangaji wenzangu wanaogopa wezi. Mimi naogopa taarifa ya saa mbili. Waziri akishasimama mbele ya vipaza sauti akatamka neno mradi, najua kesho asubuhi nitaitwa barazani. "Baba, karibu ukae." Mwenye nyumba akikukaribisha ukae, ujue kikao kina ajenda moja.

Walipoweka lami barabara iliyo jirani na mtaa wetu (jina la mtaa nalihifadhi, madalali nao wanasoma magazeti), kodi ilipanda. Lami yenyewe haikufika kwetu. Sisi bado tuna vumbi letu la asili, lile jekundu linaloingia mpaka ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli. Nikamwambia, "Mama, lami iko kule." Akanyoosha mkono. "Kwani kutoka hapa huioni, baba?" Naiona. Kwa hiyo nalipia kuiona.

Ikaja treni. Mwezi Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Safari iliyokuwa inamaliza mchana mzima kwenye basi ikawa chini ya saa nne, na nauli ya treni ya kawaida ikawekwa shilingi 31,000. Mimi nilifurahi kama Mtanzania. Mama alifurahi kama mwenye nyumba.

Nikajaribu kumtolea hoja za kiuchumi. Nikasema, mama, treni ya haraka inapunguza wapangaji. Mtumishi ambaye familia yake imebaki Dar sasa anaondoka Ijumaa jioni na begi dogo, anakula chakula cha usiku na wanawe. Hana haja ya kuhamisha makochi. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa Jumapili akirudi, atalala stesheni?" Jibu sikuwa nalo. Kodi ikapanda.

Barabara ya mzunguko wa nje ndiyo iliyonimaliza. Ina urefu wa kilometa 112.3, njia nne, na kazi yake ni kuyazungusha malori yanayokwenda Singida, Iringa na Arusha yasipite katikati ya mji. Yaani ni barabara iliyobuniwa makusudi ikae mbali na watu kama mimi, lakini nimeichangia kana kwamba inapita chini ya kitanda changu. Ulipokuja uwanja wa ndege wa Msalato, huko kaskazini mwa mji, nikasema nimepata pa kukatalia. "Mama, mimi na ndege wapi na wapi? Hata nauli ya basi naomba nipunguziwe." Akanitazama kwa huruma. "Sijasema utapanda, baba. Nimesema itakuwa inatua."

Msidhani hali hii ilianza jana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, enzi za TANU. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 kampuni moja ya Toronto, Canada, ikakabidhi mpango kabambe wa mji: watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi, nyumba zifuate mabonde na vilima, miti kila mahali. Miaka zaidi ya arobaini Serikali ikawa inahamia Dodoma bila kufika. Wazee wanaoikumbuka miaka hiyo wanaisifu sana. Chumba ulikuwa unakitafuta mwenyewe, unagonga mlango, unaongea na Mgogo mwenye nyumba yake, mnakubaliana juu ya bakuli la karanga. Ahadi ya Serikali wakati ule ilikuwa ahadi tu, haijapata dalali.

Kisha ukafika Julai 2016, Rais Magufuli akasema tunahama, na safari hii watu wakahama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikapelekwa manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 tukatangaziwa kuwa tumekuwa jiji. Sensa ya 2012 ilitukuta 410,956. Ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Wachumi waliziandikia takwimu hizo ripoti nene. Madalali hawakuandika kitu. Walinunua pikipiki.

Hebu nikupeleke kuona chumba, maana nami nilipochoka na vikao vya barazani niliamua kuhama. Dalali wa Dodoma, kwa kuwa anaishi mji wa Bunge, anaanza kwa kukuita mheshimiwa. Unamlipa hela ya kuzungushwa kabla hajawasha pikipiki. Mkishapatana ni mwezi mmoja wake, miezi sita ya mwenye nyumba, na mazungumzo hayo yote mnayafanya mkiwa mmesimama juani mbele ya geti jeusi lenye mbwa asiyeonekana.

Alinionesha masta. Kitanda cha futi tano kwa sita kikiingia, mlango wa choo unafunguka nusu, kwa hiyo unene ukikupata ukiwa mpangaji pale itabidi uvunje mkataba. Vigae vya sakafuni vinang'aa mpaka unaona meno yako. Taa za dari zina rangi nne, zinabadilika zenyewe. Nikauliza, "Maji yapo?" Akajibu, "Bomba lipo, mheshimiwa." Nikafungua. Likakohoa kidogo, likatema kitu cha rangi ya chai ya maziwa, likanyamaza. Dalali akalifunga kwa adabu, akanionesha simtanki lililo juu ya mnara wa chuma, mrefu kuliko nyumba yenyewe. "Maji ya gari yanaletwa, unapiga simu tu."

Nilipotaja ninachoweza kulipa, nikashuka cheo palepale. Sikuwa tena mheshimiwa, nikawa kaka. "Kaka, hii inasubiri mtumishi."

Huyo mtumishi anayesubiriwa ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote mjini hapa, na wengi wetu hatujamwona. Vigae viliwekwa kwa ajili yake. Kwa ajili yake chumba kimefungwa tangu kiangazi cha mwaka jana, buibui wanaishi bure, na mimi nakatazwa. Kinachonishangaza, huyo mtu amejengewa. Shirika la Nyumba limejenga Iyumbu, Wakala wa Majengo (TBA) wamejenga Nzuguni, na wale wenye mishahara ya kukopesheka wamejijengea wenyewe ili wasilipe kodi. Ukimweleza dalali haya anacheka. "Watakuja wengine, kaka. Wizara zote ziko Mtumba." Ni kweli, Mji wa Serikali upo Mtumba, barabara ya kwenda Dar, na majengo yake yanapendeza. Lakini kila nyumba ya kupanga niliyooneshwa, iwe Nala au Mkonze au Miyuji, inadai iko karibu na Mtumba. Mji wa Serikali umezungukwa na jirani wengi kuliko unavyojua.

Sasa tuje kwenye ajira, maana ndilo jibu ninalopewa kila ninapolalamika: kodi inapanda kwa sababu kuna hela, hela ipo kwa sababu kuna kazi. Mimi nina kibanda cha steshenari. Natoa kopi, naprinti, napiga lamination. Ukitaka kujua uchumi wa mji, achana na wataalamu, njoo ukae nyuma ya mashine yangu ya kopi.

Miaka ya nyuma, kilichonilisha ni tasnifu za wanafunzi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, na vijana wake walikuwa wanakuja usiku na kurasa mia zisizo na hitimisho. Siku hizi ninachoprinti zaidi ni mkataba wa mauziano ya kiwanja. Ninao tayari kwenye kompyuta, nabadilisha majina na mipaka: kaskazini barabara ya mtaa, kusini korongo. Cha pili ni matangazo ya kubandika kwenye nguzo za umeme: VIWANJA VIMEPIMWA, BEI POA. Juzi mahali hapo palikuwa shamba la zabibu lililokuwa likivunwa mara mbili kwa mwaka. Leo pana vigingi vya zege vyenye namba. Cha tatu ni barua za kuomba kazi.

Mpangilio huo unaeleza kila kitu. Watu wanaouza ardhi ni wengi kuliko wanaoilima, na wanaoomba kazi wanazo fedha za kopi moja tu. "Mjomba, nitolee cheti cha form four na cha chuo, cha kuzaliwa nitakuja kesho."

Kazi zipo, sikatai. Saidia fundi anahitajika, mbeba kokoto, fundi rangi, fundi vigae, mlinzi wa saiti, mama lishe wa kuwalisha hao wote, bajaji ya kuwarudisha nyumbani. Ila zitazame vizuri. Zote zinategemea kuwapo mtu anayejenga nyumba ya kumpangisha mtu ambaye bado hajafika. Mama lishe aliye mkabala na kibanda changu anapika wali maharage kwa kufuata ngazi ya ukuta: msingi ukichimbwa anaongeza sufuria, wakifunga lenta anaongeza msaidizi, wakiezeka anaanza kuulizia saiti nyingine ilipo. Mji ukikamilika, yeye amekwisha. Ndiyo maana sijawahi kumsikia akiomba mradi wowote umalizike.

Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili mpaka Juni, wote tunanenepa kidogo. Nyumba za wageni zinajaa, bei za vyumba zinapaa, nyama choma inapungua ukubwa na kuongezeka heshima. Julai tunarudi kwenye mlenda na ugali wa uwele, tunalipana kwa kukopeshana.

Mpwa wangu ana shahada, tena ya uchumi. Anaendesha bajaji. Siku za usaili mji hujaa vijana kutoka kila mkoa, na bahasha za kaki kwapani, wengine wamelala kwa rafiki wa rafiki. Yeye anawachukua stendi kuu, anawapeleka mpaka kwenye geti la usaili, anawatakia heri, anapaki bajaji kivulini, anatoa bahasha yake chini ya kiti, anapanga foleni nyuma yao. Nikamwuliza kama haoni uchungu kuwabeba washindani wake. "Mjomba, wao wamelipa nauli. Nikikosa kazi, sirudi mikono mitupu."

Huyu ndiye anayelipa kodi mjini hapa, sio yule wa kwenye vigae. Pale nyumbani tunaishi mwenye steshenari, mwenye bajaji, fundi rangi na dada wa saluni. Hatuna mtumishi hata mmoja, lakini kodi yetu inapangwa kwa kukisia mfuko wake, na kila mwaka anaongezewa mshahara mkubwa na mama mwenye nyumba kuliko na Serikali.

Na maji, je? Dodoma ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Mzakwe, ambavyo havikuchimbwa kwa ajili ya watu 765,179. Kwa hiyo ipo mipango: bwawa la Farkwa huko Chemba, na maji kutoka Ziwa Victoria. Ni mipango mizuri, ninaiombea. Tatizo ni kwamba ilitajwa kwenye taarifa ya saa mbili. Maji ya Farkwa nimeshayalipia kwenye kodi. Ya Ziwa Victoria nimeshayalipia. Ya kunywa nanunua kwa dumu.

Nina ombi kwa wakubwa, na nalileta kwa heshima. Jengeni. Lami wekeni, treni leteni, ndege zitue. Ila mradi ukikamilika, uzinduliwe saa nane za usiku, bila bendi, bila kamera, utepe ukatwe na mlinzi wa zamu. Wananchi tutauona wenyewe asubuhi tukienda kazini, na tutafurahi kimyakimya. Na ule wa maji nawasihi msiutangaze kabisa, acheni yatoke tu. Mama mwenye nyumba akifungua bomba akayakuta, nitamwambia ni mabaki ya mvua.