Safu ya Ushauri: Ufito Uliovunja Ahadi

Ufito wa bustani huvunjikia karibu kila mara mahali palepale: usawa wa udongo, sentimita chache juu au chini yake. Hapo ndipo unyevu na hewa hukutana, na kuvu inayoozesha mti huvitaka vyote viwili. Chini zaidi hewa ni haba; juu zaidi jua hukausha. Ndiyo maana malalamiko yanayofika kwenye safu hii yanafanana: ufito ulikuwa mzima asubuhi, jioni umelala chali na nyanya zimeuangukia.

Aliyetelekezwa, Morogoro, alinunua fito nyembamba za mkaratusi, zimenyooka na bei yake ya kutupwa. Kabla ya mavuno mchwa walishakula ndani wakabakiza ganda, naye anauliza kama amelogwa. Hajalogwa, ameuziwa miti michanga. Shina la mti lina sehemu mbili: nyeupe ya nje, inayopitisha maji na kutunza chakula, na kiini cha katikati, ambacho aghalabu ni cheusi zaidi. Katika miti migumu kiini hicho hujaa kemikali zinazowakera mchwa na kuvu. Ufito mwembamba karibu wote ni sehemu nyeupe, yaani mlo mtupu.

Kwa hiyo jina la mti peke yake halitoshi. Hata mvule na msaji, miti yenye sifa kubwa, huoza upesi ikikatwa ingali midogo. Mnunuzi mwangalifu hutazama kwanza ncha iliyokatwa: kiini kikiwa kimeenea karibu upana wote, alipe, kikiwa doa tu, aondoke. Fito bora kwa bei nafuu mara nyingi haziuzwi kama fito. Ni mabaki ya msaji au mninga kwenye karakana ya seremala, yanayopasuliwa unene wa sentimita 3 au 4. Nyanda za juu za Kenya, mwerezi umetumika kwa nguzo za ua tangu zamani kwa sababu hiyohiyo ya kiini. Mikoko ya Pwani nayo ni imara, na boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu hadi Uarabuni. Lakini ukataji wake sasa una masharti makali, na kuangusha mkoko ili uegemeze bilinganya ni ubadhirifu.

Mwenye Ndoo, Kibaha, amepewa oili chafu na fundi wa gereji, anataka kuchovya fito zake. Mchwa watasita kwa muda, ndiyo. Ila oili hiyo ina mabaki ya metali na masizi ya injini, nayo hujipenyeza kwenye udongo unaolisha mchicha wake. Vipande vya nguzo za umeme navyo si zawadi: nyingi hutiwa dawa, na ile ya kijani kwa kawaida ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Visiwekwe kwenye mboga, wala visiende jikoni kuwa kuni, maana majivu yake ni sumu. Njia isiyo na madhara ni kubandua gome na kukausha ufito kivulini kabla ya kuusimika. Chini ya gome ndiko unyevu na wadudu wanaopekecha hujificha.

Aliyeshangaa, Bukoba, alisimika vijiti vibichi vya mbono kaburi kando ya nyanya, vikachipua. Angekuwa na vanila, pongezi zingemstahili: mmea huo unaishi miaka, unapenda kivuli chepesi, na Kagera hadi Uganda hupandishwa juu ya miti hai kama mbono. Nyanya hukaa miezi michache tu na hutaka jua. Aking'ang'ania vijiti vyake atavuna kivuli.

Wa Mianzi, Tukuyu, anakuta unga mweupe chini ya fito zake. Ni kazi ya wadudu wanaofuata wanga ndani ya mwanzi. Mwanzi ukatwe ukiwa na miaka 3 au zaidi, ulowekwe majini wiki kadhaa, kisha ukaushwe. Ncha ya juu ikatwe palipo na kifundo ili mvua isijaze bomba. Ardhini utadumu mwaka mmoja au miwili, muda unaotosha kabisa kwa nyanya na maharage ya kupanda; pasheni, inayobeba miaka kadhaa, inahitaji nguzo nene za kiini na waya.

Mwenye Uwezo, Arusha, ameamua kununua nondo za milimita 12. Uamuzi mzuri: haziozi, na mikunjo yake huzuia kamba isiteleze. Adui wa nondo ni mnunuzi wa vyuma chakavu, hivyo zing'olewe msimu ukiisha.

Kung'oa huko kunahusu kila aina ya ufito. Bakteria wa magonjwa ya nyanya hubaki kwenye udongo na mabaki yaliyogandia mtini, wakahamia miche mipya. Ufito usuguliwe kwa brashi, ulowekwe nusu saa kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, uanikwe, kisha uhifadhiwe chini ya paa, umeinuliwa juu ya matofali. Msimu mpya usimikwe siku ya kupandikiza miche, sentimita 30 hadi 45 kwenda chini, kabla mizizi haijatanda pale utakapopita.