Harusi ya Malkia

Msomaji mwenzangu, kama una ndoa, una watoto na una kompyuta mbili nyumbani, vuta stuli tulie pamoja. Kama unayo moja tu, mshukuru Mungu ufunge mlango.

Hapa kwetu Bahati tunazo mbili. Yangu ni eksi-UK niliyoinunua mjini Nakuru. Ina Windows, na ikiwaka inanguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Ya pili ni MacBook ya mke wangu, aliyoletewa na dada yake kutoka Marekani. Mke wangu namwita Spika, kwa kuwa humu ndani hakuna hoja inayojadiliwa wala kufungwa bila idhini yake. Kompyuta zenyewe zinaishi kama wake wenza: zinasalimiana, lakini hakuna anayeonja chungu cha mwenzake.

Kati ya hizo mbili tulikuwa na picha kama 41,000. Sababu ni kwamba Spika hafuti. Chapati moja ikipigwa picha 11, zote 11 ni ukumbusho. Siku moja nilifuta picha ya ukuta mtupu. Kumbe ulikuwa ukuta wa chumba tulichopanga Lanet mwaka tuliooana! Chakula cha usiku huo nilijipakulia mwenyewe, kikiwa baridi, na cha asubuhi pia.

Zamani picha za simu tulizirusha kwa Google, tukasahau. Tarehe 1 Juni 2021 ile hifadhi ya bure isiyo na kikomo ikafikia mwisho, zikabaki GB 15 za kugawana na barua pepe. Nikasema, sisi ni watu wa shamba, tutajijengea ghala letu. Nikanunua diski ya nje ya TB 1.

Kuichomeka tu, Windows ikaniambia ni GB 931. Nikavaa koti nirudi mjini kumkaba muuzaji, maana gorogoro iliyobonyezwa kitako naijua tangu utotoni. Mwanangu wa kidato cha pili, tunayemwita Injinia kwa kuwa hufungua vitu asivyoweza kufunga, akanizuia mlangoni. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Mzigo ni uleule, vipimo ndivyo tofauti. Nikavua koti, ila moyoni nilibaki nimepunjwa.

Tukapeleka diski kwa MacBook. Picha zikaonekana vizuri, lakini kuongeza hata moja, wapi! Injinia akaeleza kwamba diski ilikuwa imeandaliwa kwa mtindo wa NTFS, ambao Mac inausoma tu bila kuuandika. Akaifuta yote na kuiandaa upya kwa exFAT, unaokubaliwa na pande zote mbili. Kama kuna mtu anaweza kumfanyia mama yangu na Spika exFAT, ng'ombe mmoja ni wake.

Sasa sikiliza nilivyojichimbia kaburi. Kamera yetu huhesabu picha hadi 9999, kisha inarudi 0001 kama aliyepoteza hesabu. Kwa hivyo IMG_0412 zilikuwa mbili. Kwangu, ndani ya folda iitwayo “Mpya”, ilikuwa Malkia, ng'ombe wetu wa Friesian, akizaa mwaka 2014. Kwa Spika, ndani ya folda iitwayo “Mpya” vilevile, ilikuwa harusi ya kaka yake pale Maili Kumi, Desemba 2017. Nilianza kuingiza za harusi. Nilipoleta zangu, mashine ikauliza: kuna faili zenye majina sawa, zichukue nafasi ya zilizopo? Nje mvua ilikuwa imeanza, na Bahati mvua ikianza stima huaga. Nikajibu ndiyo, zote. Kisha, kwa ujanja wangu, nikafuta za kwenye kompyuta zote mbili ili nipate nafasi.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akaja. Huyu tunamwita Hansadi. Neno ulilotamka mwaka 2009 atakusomea na saa uliyolitamka. Tukamwonyesha harusi ya mwanawe kwenye runinga. Bibi harusi akashuka garini, vigelegele. Akaingia kanisani. Bwana harusi akashika shela, akaiinua taratibu, na picha iliyofuata ikajaza runinga: Malkia, ulimi nje, akisukuma ndama.

Kimya. Hansadi akavaa miwani.

“Huyu namjua,” akasema. “Maziwa yake yalikuwa mazuri.”

Spika hakusema kitu, na wewe mwenzangu unajua uzito wa hicho kitu. Siku tatu niliishi kama mpangaji.

Aliyeniokoa ni mtu nisiyemtarajia: bwana harusi mwenyewe, shemeji yangu Nitarudisha. Jina hilo alijipa kwa kulirudia kila anapobeba kitu changu. Januari 2018 aliazima diski yetu ya zamani ikiwa na picha zote, akisema anataka kunakili za harusi, atairudisha wiki ijayo. Nilipofika kwake nikaikuta chini ya redio, imejaa sinema za Kinigeria, na kando yake harusi nzima, shela kwa shela, bila kwato hata moja.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimlaani shemeji, kumbe ndiye nakala yetu ya mbali.

Jioni nikamsomea Spika kanuni hiyo, nikaongeza kwa upole kwamba baada ya kunakili, Nitarudisha sasa arudishe diski, pamoja na wilbaro yangu.

“Diski ikae kwake,” akasema. “Si umesema moja ikae mbali?”

“Na wilbaro?”

“Nayo ikae.”

“Mama Injinia, wilbaro ninayo hiyo moja tu!”

Akageuza chapati bila kuniangalia. “Basi zimebaki mbili za kununua.”